Punda Wangu wa Umeme

Kitongoji cha Zdravets,
Jengo la Saba, Ghorofa ya Nne,
Ruse, Bulgaria.
28 Machi, 2023

Mpendwa mdogo wangu Kamen,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu, nyingi kuliko theluji yenu ya huko Winnipeg. U hali gani? Goti lako je, lile ulilosema linalia kila ukikanyaga breki? Wifi yangu Milena hajambo? Na mwanenu Kalina bado anakisema Kibulgaria, au amebakiwa na maneno ya kuombea chakula tu? Sisi huku tu wazima. Nikisema wazima nina maana ya uzima wa watu wa umri wetu: asubuhi tunaulizana panapouma, kisha tunakunywa kahawa.

Utashangaa kwa nini nimekuandikia badala ya kupiga simu. Simu hainitoshi, ndugu yangu. Nikianza tu kukueleza jambo, shemeji yako Lyuben ananinyang'anya ili akuulize habari za lori lako, na wewe unamjibu kwa saa nzima. Karatasi hawezi kuninyang'anya. Tena mkono wangu wa kulia bado mzima, acha niutumie.

Katika barua yako ya Krismasi uliniuliza jambo, ukalizungusha na kulizungusha kama mtu anayeegesha lori uchochoroni: je, si afadhali niende kwenye ile nyumba ya wazee iliyo nje ya mji, yenye bustani na wauguzi? Sikukujibu upesi kwa sababu sikuwa na jibu. Leo ninalo, lakini utalipata kwa zamu yake. Usiruke mistari.

Hujaniona tangu nipatwe na kiharusi, kwa hiyo ngoja nikueleze nilivyo. Mguu wa kushoto umelala na mkono wa kushoto umelala nusu, hayo unayajua. Kuna lingine ambalo watu hawalielewi. Upande wa kushoto wa dunia umenipotea. Daktari anasema macho yenyewe hayana kasoro, ila kichwa kimeacha kujali habari zinazotoka upande huo. Nakula nusu ya sahani kisha nagomba na Lyuben kwamba amenipunja. Anaizungusha sahani, na kumbe nyama yote ilikuwa huko.

Sasa mtu wa namna hiyo mpe kiti cha magurudumu cha umeme. Walinipa, mwaka juzi, pale kituo cha tiba ya viungo. Niling'oa ubao wa mlango. Nilimkanyaga mhasibu wao vidole vya mguu. Mwisho nikaingia kwenye kigari cha chakula, supu yote ya maharage ikamwagika koridoni. Mimi, Kamen! Mimi niliyeendesha kreni bandarini mpaka nastaafu, nikishusha makontena kwenye meli za Danube bila kuchubua rangi! Wakakichukua kiti chao siku ileile, wakaandika kwamba sifai kujiendesha. Nililia, na hasira ilikuwa kubwa kuliko huzuni. Unanijua.

Basi Lyuben akawa injini yangu. Alinisukuma kiangazi na majira ya baridi, juani na kwenye matope, mpaka Oktoba iliyopita mgongo wake ulipogoma. Daktari wake akamwambia waziwazi kwamba akiendelea kusukuma, nyumba yetu itakuwa na viti viwili vya magurudumu. Nikajua nilipofika. Nisipopata kiti ninachoweza kukiendesha mwenyewe, nitakaa mbele ya dirisha la ghorofa ya nne mpaka nife, au niende huko kwenye bustani na wauguzi, nimwache Lyuben peke yake jikoni asikokujua. Niliogopa, mdogo wangu. Nilikuwa naamka asubuhi nimekunja ngumi.

Mwezi wa Januari ndipo ikaja habari. Mainjinia wa chuo kikuu walileta pale kituoni kiti cha aina nyingine kabisa, wakawa wanatafuta watu waliokataliwa viti vya kawaida. Waliokataliwa! Kwa mara ya kwanza tangu niugue nikawa na sifa zinazotakiwa.

Mkubwa wao ni mwanamke wa makamo, jina lake Tsvetelina, mwenye sauti nzito ya mvuta sigara. Kiti chake ni cheusi, kizito, na pande zote kimepachikwa macho madogo yanayotoshana na vifungo vya shati. Macho hayo yanapima umbali wa kitu chochote kilicho karibu. Wewe unashika kijiti cha kuongozea kwa mkono wako mzima na unaamua uende wapi. Ukikaribia kitu, kiti kinapunguza mwendo chenyewe, na kijiti kinakuwa kizito mkononi, kinakusukuma taratibu kuelekea mahali palipo wazi. Ukilazimisha, kinasimama.

"Kwa hiyo kinajiendesha chenyewe," nikamwambia Tsvetelina. "Mimi ni mzigo tu."

"Hapana, shangazi. Dereva ni wewe. Chenyewe hakijui unataka kwenda wapi, wala hakitaki kujua. Kinajua tu wapi pana ukuta."

"Hata mume wangu anajua wapi pana ukuta."

"Ndiyo, lakini mumeo betri imekwisha."

Nilimpenda palepale, ila kiti sikukipenda. Nikaamua kukikomoa. Nikakielekeza ukutani na kusukuma kijiti kwa nguvu zangu zote. Kikaenda, kikaenda, kikasimama. Nikarudia kwa upande mwingine, kikasimama tena, kimya, kimetulia kama punda aliyewekwa mbele ya mto. Nikamwambia Tsvetelina amenipa punda, na jina likakwama. Sasa kituo kizima wanamwita Punda, hata kwenye kompyuta yao wameandika hivyo.

Februari yote tuligombana. Mimi navuta huku, yeye anavuta kule. Anayenifundisha ni Yavor, bwana mmoja mwenye kipara na subira isiyo na mwisho.

"Mama Dobrinka, kinakusaidia," akasema siku moja, ameshachoka.

"Sikukiomba."

"Ulikiomba. Sahihi yako hii hapa."

Nawe usinicheke. Mtu akikaa kando yako ndani ya lori akawa anakugusa usukani kila mara, ungemshusha katikati ya nyika ukamwachia chupa ya maji.

Ikaja siku ya mtihani. Ilikuwa niwaendeshee Punda kwenye korido, milangoni na katikati ya meza za chumba cha chakula, kisha Daktari Genchev aamue. Ni yuleyule aliyeandika kwamba sifai. Akikubali, naruhusiwa kwenda na Punda nyumbani. Akikataa, Punda anapewa mwingine, na mimi narudi dirishani. Na siku yenyewe ilikuwa tarehe mosi Machi! Nadhani ni kompyuta iliyoipanga, maana Mbulgaria mwenye akili zake hapangi jambo zito siku ile.

Hapa msomee Kalina, kama hukumfundisha. Mwambie Machi mosi huku kwetu kila mtu anamfunga mwenzake martenitsa, nyuzi nyekundu na nyeupe zilizosokotwa pamoja, za kuombeana afya. Tunafungana sisi, tunawafunga watoto, mbwa, miti michanga na vioo vya magari. Na ukishafungwa huvui mpaka umwone korongo amerudi au mti umechanua; kuvua mapema ni mkosi. Asubuhi ile nilifungwa na madereva wa kituo, na wauguzi, na watu nisiowajua, mpaka kiwiko hakikunjiki vizuri.

Nikaanza. Kamen, Punda alikataa kwenda! Nasukuma kijiti mbele, kinakuwa kizito, kinanipeleka kulia. Nasukuma tena, kulia tena. Kwenye chumba cha chakula nikazunguka meza moja kama mtu anayetafuta pete iliyoanguka. Yavor alipauka. Lyuben alisimama mlangoni anatafuna masharubu yake. Daktari Genchev akaandika kitu, akakifunga kifuniko cha kalamu.

"Mama Dobrinka," akasema kwa upole, na upole ule ndio ulionichoma, "usijitese. Tumejaribu."

Nikahisi machozi yanakuja. Mkono wangu ulikuwa bado juu ya kijiti, na kijiti kilikuwa kinausukuma kutoka kushoto, bila kuchoka, bila kupungua. Februari yote nilikuwa nimepigana na msukumo ule. Siku ile, sijui kwa nini, niliacha kupigana nao nikausikiliza.

"Kuna kitu kushoto kwangu," nikasema.

"Hakuna, mama," akasema Yavor. "Pako wazi kabisa."

"Kipo. Mimi sikioni, lakini Punda anakiona."

"Dobrinka!" Lyuben akaita kutoka mlangoni. "Mimi nina macho mazima yote mawili. Hakuna kitu hapo!"

"Wewe nyamaza! Jana umetafuta miwani saa nzima na ilikuwa puani!"

Tsvetelina hakubishana. Alikuja upande ule, akapiga magoti na kuinama mpaka nywele zikagusa sakafu. Halafu nikasikia kicheko chake kinaanza chini kwa chini, mpaka akakaa sakafuni kabisa, hawezi kusema.

Chini ya egemeo la mkono wangu wa kushoto walikuwa wananing'inia bibi na bwana wa nyuzi, wale wanasesere wa martenitsa, bibi mwekundu na bwana mweupe, wakubwa kama kiganja. Walikuwa wanacheza mbele ya jicho la Punda. Asubuhi nzima maskini alikuwa anaukwepa ukuta wa sufu.

"Stoyanka!" wakaita wote kwa pamoja.

Stoyanka ndiye mpishi wa kituo, mwenye ile supu ya maharage niliyoimwaga. Akatoka jikoni na upawa mkononi.

"Nani kafa?"

"Wewe ndiye uliyekifunga kiti martenitsa?"

"Mimi, kwani vipi? Kiti kipya kitembee uchi Machi mosi? Mahasidi wakikitupia macho je? Nikamfungia kushoto, upande wa moyo, kama watu wote. Nyie mmesomea wapi?"

Daktari akasema basi, ivuliwe tuendelee. Hakuna aliyesogea. Tsvetelina, pamoja na usomi wake wote, aliificha mikono nyuma. "Mimi sivui," akasema. "Leo hii? Mradi wangu bado haujapitishwa!" Yavor akasema mkewe ni mjamzito, wasimtazame kabisa. Lyuben akatazama dari. Mimi nisingeweza hata nikitaka, maana sikujua iko wapi. Stoyanka akauweka upawa begani kama mlinzi wa ghala.

Wakabaki wanamtazama Daktari Genchev, na yeye koti lake jeupe lilikuwa na martenitsa yake kifuani. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Kuvua haifai," akatoa hukumu, kwa sauti ileile anayosomea picha za ubongo. "Lakini kusogeza si kuvua."

Akainama mwenyewe, mtu mzima na cheo chake, akaanza kuwasogeza bibi na bwana kuelekea nyuma ya kiti bila kulegeza fundo, Stoyanka akimsimamia. "Polepole, daktari! Utamng'oa bwana kichwa!" Alipomaliza alikuwa anatoka jasho.

Nikaanza upya. Sitakusimulia kila mlango. Nilipita, mdogo wangu. Nilipita katikati ya meza, nikapita koridoni na watu wanakwenda na kurudi. Kwenye kona kijiti kikawa kizito ghafla kutoka kushoto. Sikubisha. Nikapunguza, nikaegemea kulia kidogo pamoja na Punda, na kando yangu nikasikia kigari cha chakula kinapita na sufuria zinagongana. Sikukiona hata kidogo. Mkono wangu tu ndio uliojua kwamba kipo.

Daktari Genchev alinifuata mpaka mwisho wa korido. Akasema, "Mwaka juzi niliandika kwamba hufai kujiendesha, na sikukosea. Peke yako hufai. Wewe na huyu Punda wako mnafaa." Akatia sahihi. Nilimshika mkono nikashindwa kuuachia, na Lyuben alilia pale mlangoni mbele ya watu, akasingizia vitunguu vya Stoyanka.

Usidhani nimepona. Sijapona, na hakuna aliyeniambia nitapona. Punda naye ana ujinga wake: milango ya kioo inamchanganya, mvua kubwa inamchanganya zaidi, na kwenye kingo za barabara lazima nisimame nigeuze kichwa kizima kushoto kama nilivyofundishwa. Mwezi wa Septemba watanipima tena. Lakini tangu wiki iliyopita analala kwenye korido yetu, karibu na lifti, akichajiwa umeme. Majirani wanakuja kumtazama. Mmoja ameuliza kama anaweza kumpanda mpaka dukani. Nikamwambia akapate kiharusi kwanza.

Kwa hiyo jibu la swali lako ni hapana. Siendi. Nakushukuru kwa kuuliza, kwa kweli kabisa, maana najua uliliandika swali lile ukiwa umekosa usingizi kwa ajili yangu. Mwambie na Milena asiwe na wasiwasi. Kama wananiwekea kitanda huko kwenye bustani, wampe mwenye kukihitaji.

Jumamosi iliyopita ilikuwa Blagovets, sikukuu ya Bikira Maria kupashwa habari na malaika. Tulikula samaki mchana, kama inavyopasa, na jua likatoka. Nikamwambia Lyuben avae koti lile zuri, tunakwenda kutembea mtaa wa Aleksandrovska.

Mji mzima ulikuwa mtaani. Watoto na baiskeli, wazee na mbegu zao za alizeti, akina mama wameshikana mikono mstari mzima kama barabara ni yao. Miezi mitano sikuwa nimefika pale. Punda alikuwa anapunguza, anakwepa, anasubiri, na mimi namwongoza. Watu wanatupisha, wengine hawatupishi, tunawapita. Nilifurahi mpaka nikaona aibu.

Nikasikia Lyuben ananihemea mgongoni. Nikasimama, nikageuka kadiri ninavyoweza. Alikuwa ananifuata na mikono imetangulia mbele, vidole vimekunjwa, kama bado ameshika vishikio vya kiti.

"Unafanya nini huko nyuma?"

"Mazoea," akasema, akaishusha mikono kwa haya.

Tukaendelea. Baada ya kitambo sikuisikia tena pumzi yake mgongoni.

"Lyuben, uko wapi?"

"Niko hapa, kushoto kwako. Nakulinda."

"Kushoto kuna Punda. Wewe njoo kulia nikuone."

Akanizunguka kwa mbele, akaja kulia. Kamen, tangu niugue nilikuwa naisikia tu pumzi yake nyuma ya kichwa changu na viatu vyake vikiburuta. Nimemwona kitandani, nimemwona mezani, lakini sikuwa nimemwona mume wangu akitembea. Amezeeka. Anachechemea kidogo, na anatazama madirisha ya maduka mdomo wazi kama mtu aliyefika mjini leo. Ni mzuri, Kamen. Nilikuwa nimesahau kwamba ni mzuri. Nikapunguza mwendo ili tulingane.

"Unanitazama nini?" akaniuliza.

"Naangalia njia."

Nilitaka kumshika mkono, lakini mkono wangu ni mmoja na ulikuwa kwenye kijiti. Akaelewa. Akauweka wa kwake begani kwangu, na safari hii hakusukuma.

Nisalimie sana wifi yangu Milena, mwambie sweta aliyonitumia ndiyo niliyovaa siku ile. Mbusu Kalina mashavu yote mawili. Msalimie na mzee Ognyan jirani yenu, kama bado anakupigia kelele za lori. Mungu akulinde kwenye barabara zote za huko, akupe barafu nyembamba na mizigo myepesi, na akurudishe kwetu siku moja ukiwa na meno yako yote, tutembee watatu.

Ni mimi dada yako, niliyekupenda kabla hujajua kutembea,
Dobrinka